Barua ya wazi kwa Wabunge: msiwafunge mikono watakaowarithi

Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.



Nawaandikia hadharani juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa chemba, kisha huletwa kwenu likiwa limeshaiva. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba imewapa ninyi kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano. Lakini wananchi tumezoea mwendo mwingine: azimio linaletwa asubuhi, Waziri anasoma hotuba yake, Kamati inatoa maoni, wanaoafiki wanasema ndiyo, na jua halijazama nchi imeshajifunga kwa miaka mingi kuliko umri wa Bunge lenyewe. Ndivyo yalivyopita makubaliano ya bandari na Dubai tarehe 10 Juni 2023, baada ya wananchi kupewa muda wa kutoa maoni uliokuwa mfupi wa kutia aibu.

Barua hii inahusu mikataba ya biashara huria na pacha wake, mikataba ya kulinda uwekezaji wa nje. Ninaipinga, na sitajifanya nimekaa katikati. Sababu yangu kubwa ni moja. Mabadiliko ya tabianchi yatawalazimu ninyi, na watakaokuja baada yenu, kubadilisha sheria za ardhi, maji, nishati, misitu na madini mara kwa mara, pengine kwa haraka, pengine kwa kurudi nyuma na kurekebisha mlichokosea. Mikataba hii inaigeuza kila badiliko la namna hiyo kuwa deni.

1. Tulishawahi kukataa vifungo.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge la Tanganyika kwamba nchi mpya haitabeba kichwakichwa mikataba aliyoitia saini Mwingereza. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kwa miaka miwili, ipitiwe mmoja baada ya mwingine, na usiofaa ungejifia. Wanasheria wa kimataifa hadi leo wanaufundisha msimamo huo kwa jina lake. Mwaka 1962 Tanganyika ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929, yaliyotaka idhini ya Misri kabla mtu hajajenga chochote cha kupunguza maji ya mto huo na maziwa yake. Kama tungenyamaza, mradi uliopeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga ungeanza kwa kwenda kuomba ruhusa Cairo.

Nchi hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1990, ikaenda kwa miguu yake kujifunga upya: Uingereza 1994, Sweden 1999, Uholanzi 2001, Canada 2013, na wengine. Safari hii hakukuwa na mkoloni wa kulaumiwa.

2. Bagamoyo, na ile ndege.

Ndege mnaikumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2022 Airbus A220 ya Air Tanzania ilizuiliwa Maastricht, Uholanzi. Mitandaoni watu walitania, wengine wakatukana. Waliosimulia chanzo chake walikuwa wachache.

Kampuni ya Sweden ilipewa ardhi Bagamoyo, katika lililokuwa shamba la Razaba, ilime miwa na kuzalisha sukari. Ni eneo kubwa linalopakana na Hifadhi ya Saadani na kutegemea maji ya Mto Wami. Wakulima na wafugaji wa pale walikuwa na hofu ya kuhamishwa, na mashirika ya kutetea haki za ardhi yakaupigia kelele mradi. Mwaka 2016 Serikali ikausitisha. Waziri Mkuu alitaja wanyama wa Saadani na maji ya Wami. Kampuni haikwenda Mahakama Kuu ya Tanzania. Ilitumia mkataba wetu na Sweden, ikafungua shauri katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kilichoko Washington, ICSID, na Aprili 2022 wasuluhishi wakaamua tuilipe takriban dola milioni 165. Ndege ilikamatwa ili deni hilo lilipwe.

Sisemi Serikali haikukosea. Ilitoa hati, ikatia watu matumaini, ikazungusha vibali, kisha ikageuka. Kufanya kazi namna hiyo ni fedheha, na mwekezaji aliyeumizwa ana haki ya kudai. Ninachouliza ni nani aliamua, na alipima nini. Wasuluhishi watatu wasiopigiwa kura na mtu yeyote waliangalia mkataba wa uwekezaji. Ukame wa Wami haukuwa mshitaki wala mshitakiwa. Mfugaji wa Razaba hakuwa na kiti. Na lau mwekezaji angekuwa Mtanzania kutoka Morogoro, mwenye hasara ile ile na hasira ile ile, asingekuwa na mlango wa Washington wa kubisha. Angepanga foleni mahakamani Kisutu kama sisi wengine. Mikataba hii imeunda raia wa daraja la kwanza ambaye si raia.

Kuna wakati nchi hushinda, nalikubali hilo. Kenya ilishitakiwa kwa sababu ya kufuta leseni ya uchimbaji wa Mrima, Kwale, msitu mtakatifu wa Wadigo. Oktoba 2018 wasuluhishi walilitupa dai hilo kwa kuwa leseni yenyewe haikutolewa kihalali. Ushindi ule ulitokana na makosa ya upande wa pili kwenye makaratasi. Laiti leseni ingekuwa safi, msitu ungeweza kuwa na bei.

3. Sheria mlizozitunga wenyewe.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya wananchi juu ya utajiri na rasilimali asilia. Kifungu cha 11 kinakataza migogoro ya rasilimali hizo kupelekwa kwenye mahakama au mabaraza ya nje. Mlipiga makofi, nasi tulipiga. Januari 2018 zikafuata kanuni zilizofuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, zile zilizowawezesha watu kukalia ardhi miaka nenda rudi bila kuchimba.

Kilichofuata ni hiki. Kampuni tatu zilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Winshear ya Canada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu wa SMP, ililipwa dola milioni 30 mwaka 2023. Indiana Resources ya Australia, iliyokuwa na nikeli ya Ntaka Hill kule Nachingwea, ilipewa tuzo ya dola milioni 109 mwaka huo huo, na mwaka 2024 tukasuluhishana kwa milioni 90. Montero, nayo ya Canada, iliyokuwa na madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro, ikakubali milioni 27. Jumla ni dola milioni 147, na hakuna hata mgodi mmoja kati ya hiyo mitatu uliokuwa umeanza uzalishaji.

Tazameni hiyo ya Ntaka Hill. Kampuni mama ni ya Australia, lakini kesi ilipita kwenye kampuni tanzu zilizosajiliwa chini ya mamlaka ya Uingereza, ili itumike saini yetu ya 1994. Gharama zake zilibebwa na wafadhili wa kesi, yaani watu ambao biashara yao ni kukopesha mashauri na kugawana tuzo. Kifungu cha 11 kiko pale pale kwenye vitabu, kimeandikwa vizuri. Kilichokosekana ni kuivunja mikataba inayokifanya pambo.

4. Ulaya yenyewe imeanza kukimbia.

Mwaka 2019 Uholanzi ilitunga sheria ya kuacha umeme wa makaa ya mawe ifikapo 2030. Mwaka 2021 kampuni ya Ujerumani, RWE, ikaidai euro bilioni 1.4 kwa kutumia Mkataba wa Nishati, unaowalinda wawekezaji wa sekta hiyo. RWE baadaye iliachana na kesi hiyo, lakini funzo liliwaingia: Umoja wa Ulaya ukajitoa kwenye mkataba huo, na kujitoa kukaanza kufanya kazi Juni 2025. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa nalo lilionya katika ripoti yake ya 2022 kwamba usuluhishi wa namna hii unaweza kutumiwa kuzuia sera za kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe.

Tafakarini hilo mnapoletewa gesi ya Lindi. Mazungumzo na Equinor na Shell yamechukua miaka, na mradi kama ule hupangwa kwa miongo. Shell tangu 2022 ni kampuni ya Uingereza kamili. Bunge la mwaka 2045 likitaka kuifunga mitambo ile mapema, kwa sababu Rufiji imefurika tena au kwa sababu dunia haitaki tena gesi, litakuta saini ambayo halikuiweka.

5. EPA, mkataba usiokata tamaa.

Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, EPA, mazungumzo yake yalikamilika Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016. Tanzania ilikataa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga waziwazi, Rais Magufuli akaufananisha na ukoloni, na Novemba 2016 Bunge hili likaishauri Serikali isiusaini. Naiweka siku hiyo miongoni mwa siku zenu bora. Kenya ikaendelea peke yake: ikatia saini na Ulaya tarehe 18 Desemba 2023, mkataba ukaanza kufanya kazi Julai 2024, na mlango umeachwa wazi kwa wanachama wengine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtabishiwa hodi tena, kwa lugha tamu zaidi.

Kenya naielewa. Kwa kuwa haimo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, haina unafuu tulio nao sisi, na mwaka 2014 maua yake yalitozwa ushuru Ulaya kwa miezi kadhaa. Mwenye shamba Naivasha hawezi kulisahau hilo. Sisi tunaingiza bidhaa zetu Ulaya bila ushuru wala ukomo tangu 2001, chini ya mpango wa Kila Kitu Isipokuwa Silaha. EPA ingetupa kile tulicho nacho, na badala yake tungefungua soko letu, hatua kwa hatua ndani ya miaka 25, kwa karibu asilimia 83 ya bidhaa za Ulaya kwa thamani. Siku tutakapotoka kwenye kundi la nchi maskini zaidi tutakaa mezani tukiwa na mengi ya kujadili. Kwenda sasa ni kununua mwavuli wakati tumeshika mwavuli.

Kinachonitia hofu zaidi ni malighafi. EPA inabana uwezo wa kuweka kodi mpya kwa bidhaa zinazosafirishwa nje; ruhusa inatolewa kwa masharti na kwa muda. Waulizeni wabunge wenzenu wa Mtwara na Lindi maana ya ushuru wa korosho ghafi. Kisha fikirieni nikeli ya Kabanga na grafaiti ya Mahenge, madini ambayo dunia inayahitaji kwa betri ili iachane na mafuta. Indonesia ilizuia kuuza nikeli ghafi mwaka 2020 ili viwanda vijengwe kwake. Umoja wa Ulaya ukaipeleka Shirika la Biashara Duniani, na Novemba 2022 jopo likaipa Ulaya haki. Hivyo ndivyo nishati safi inavyoonekana kutoka upande wetu wa meza: betri kwao, shimo kwetu.

Wapo watakaowaambia mkataba wa Kenya una sehemu nzima ya biashara na maendeleo endelevu na unataja Makubaliano ya Paris. Ni kweli, unataja. Lakini linganisheni mwendo. Ulaya ilipoona inafaa, ilijitungia yenyewe tozo ya kaboni mipakani na sheria ya mazao yasiyotokana na ukataji misitu, ambayo mkulima wa kahawa wa Mbinga atatakiwa kuitimiza hadi kwa kuonyesha mahali hasa lilipo shamba lake. Hakuna aliyemlipa fidia. Wao wamejiachia uhuru wa kubadilisha sheria kwa ajili ya tabianchi, na sisi tunaombwa tuahidi kutopandisha ushuru. Na uwekezaji, ambao haumo kwenye EPA ya sasa, umewekwa kwenye orodha ya mazungumzo yajayo.

Kuhusu wananchi kushirikishwa: wakulima wadogo wa Kenya walikwenda mahakamani mwaka 2007 wakilalamika kwamba mkataba huu unajadiliwa bila wao. Oktoba 2013 Mahakama Kuu iliiagiza Serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha. Ilichukua miaka sita kuipata hukumu inayosema mkulima naye aulizwe.

6. Mitumba na plastiki.

Si kila shinikizo huja na mkataba. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu cha Marekani kiliwasilisha malalamiko Washington, unafuu wa ushuru wa Marekani uitwao AGOA ukatiwa rehani, na Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma moja baada ya nyingine. Rwanda iliyokaza ikasimamishiwa unafuu wa nguo mwaka 2018. Azimio la wakuu wa nchi lilikufa kwa barua ya chama cha wafanyabiashara.

Mwaka 2020 ikawa zamu ya plastiki. Kenya ilikuwa imepiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, sisi tukafuata Juni 2019. Marekani na Kenya walipoanza mazungumzo ya biashara huria, umoja wa kampuni za kemikali za Marekani, zikiwemo za mafuta, uliiandikia serikali yao ukitaka mkataba uizuie Kenya kuwekea plastiki mipaka, na iwe kituo cha kuisambaza Afrika nzima. Plastiki ni mafuta yaliyogandishwa. Mazungumzo yale hayakufika mwisho, lakini nia ilikuwa kwenye karatasi.

7. Hoja kwamba wawekezaji watakimbia.

Brazil haijawahi kuridhia mkataba unaomruhusu mwekezaji kuishitaki nchi namna hii, na ni miongoni mwa nchi zinazopokea mitaji mingi zaidi duniani. Afrika Kusini ilivunja mikataba yake na nchi kadhaa za Ulaya, ikatunga sheria yake ya ndani mwaka 2015. Wananchi wa Ecuador waliulizwa kwa kura ya maoni Aprili 2024 kama warudi kwenye usuluhishi wa kimataifa, wakakataa. Mwekezaji hutafuta umeme, barabara, mahakama isiyonunulika na afisa ardhi asiyemzungusha. Tungempa hivyo, hata kesi ya Bagamoyo isingefika popote.

Kwa hayo, Waheshimiwa, naomba haya.

Kwanza, msiridhie mkataba wowote unaompa mwekezaji wa nje haki ya kuishitaki nchi nje ya mahakama zetu. Itifaki ya Uwekezaji ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, iliyopitishwa Februari 2023, nayo iangaliwe kwa jicho hilo hilo. Mwekezaji wa Afrika naye hastahili mlango wa pembeni.

Pili, itakeni Serikali ilete Bungeni orodha kamili: mikataba ya uwekezaji iliyo hai, mashauri yanayoendelea, kiasi kilicholipwa na mawakili walichokula. Kisha mikataba hiyo isitishwe mmoja mmoja. Tulianza vizuri na Uholanzi, ambayo mkataba wake ulikoma Aprili 2019, ingawa waliowekeza kabla ya hapo bado wanalindwa kwa miaka 15. Mikia ya namna hiyo ijadiliwe ikatwe.

Tatu, bakini na msimamo wa Novemba 2016 juu ya EPA. Atakayetaka mbadilike aeleze kwanza kilichobadilika.

Nne, rasimu ya kila mkataba wa biashara au uwekezaji ichapishwe kwa Kiswahili angalau siku 90 kabla ya mjadala, na Kamati iende Mtwara, Kagera, Manyara na Pemba kusikiliza. Mkulima wa Mbinga asisome hatima yake kwa Kiingereza cha mawakili wa Brussels.

Tano, wekeni katika sheria kwamba hatua yoyote ya kulinda maji, misitu, hewa au watu dhidi ya athari za tabianchi, ikichukuliwa kwa haki na bila ubaguzi, haizai deni la faida ambayo mwekezaji alitarajia kuipata.

Watu wa Hanang waliozikwa na tope Desemba 2023, na wa Rufiji na Kibiti waliopoteza mashamba kwa mafuriko ya Aprili 2024, hawana baraza la kwenda kudai hasara yao. Wana ninyi tu. Azimio la kuridhia likiletwa mezani, msilipitishe kwa sauti ya jumla. Ombeni kura ya majina, kila mmoja aitwe na ajibu, nasi tutayasoma majina hayo jimboni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mpiga kura